Mashati Sitini na Mbili kwa Saa

Kabla sijashuka kwenye kigoda mlichoniacha juu yake wiki iliyopita, nijueni kwa jambo moja: mimi sisemi uongo. Dosari ninazo. Nakoroma, napenda kusifiwa, na nikipewa nafasi ya kusema mawili nasema kumi na mbili. Lakini uongo, hapana. Mama alinizaa na mdomo mmoja, na huo mmoja umenyooka kama rula.

Sasa tuendelee.

Nilikuwa juu ya kigoda, tangazo la ofisi liko mbele ya pua yangu, na nyuma yangu wafanyakazi arobaini wa kiwanda cha mashati wanangoja niwasomee. Wananiita Redio. Matangazo yote nasoma mimi, kwa sababu nimemaliza kidato cha nne na kwa sababu hakuna anayeniwahi kufika ubaoni.

"Soma basi," akasema Shangazi Vifungo, mama mkubwa wa meza ya vifungo na, ukitaka ukweli, mkubwa wa kiwanda kizima. "Au betri zimekwisha?"

"'Kuanzia Jumatatu ijayo,'" nikasoma, "'kila mkunjaji atakunja mashati arobaini na mbili kwa saa.'"

Watu wakashusha pumzi. Tulikuwa tunakunja arobaini. Mawili ya nyongeza si msiba.

"Hiyo si nne," akasema Shangazi Vifungo.

"Ipi, shangazi?"

"Hiyo namba ya mbele. Kusoma sijui, lakini nimehesabu vifungo miaka kumi na tisa. Hiyo ni sita. Rudia."

Nikarudia. Ilikuwa sita. Mwanga wa pale ubaoni ni mbaya sana, ofisi iliangalie hilo.

Sitini na mbili.

Hakuna aliyepiga kelele. Kelele unapiga ukiongezewa kitu kidogo. Hiki kilikuwa kikubwa mno, kikapita juu ya vichwa vyetu na kukaa darini pamoja na vumbi.

"Na asiyefikisha?" akauliza mtu wa pasi.

"Nusu ya siku. Asiyefikisha wiki mbili mfululizo, nafasi yake inajazwa."

Wa kuijaza wapo tele. Kila asubuhi getini wamejipanga watu mia, wananyoosha shingo kuona nani leo hajafika kazini. Ukipiga chafya wanakuombea mafua.

"Malizia," akasema dada yangu. "Kuna mstari umebaki chini."

Nilikuwa nimeuona. Nilitarajia wao hawajauona.

"'Kiwango hiki,'" nikasoma kwa sauti ya kumwamsha mgonjwa, "'kimepatikana kwa kumpima mfanyakazi halisi wa meza ya kukunja, siku ya Alhamisi iliyopita. Mfanyakazi huyo aliarifiwa na akaridhia.'"

Nikashuka kwenye kigoda. 

Niwaeleze mnaoingia leo. Sisi hatulipwi kwa saa wala kwa huruma. Tunalipwa kwa kiwango. Ukifikisha, unapata siku nzima. Usipofikisha, unapata nusu na ushauri. Na kiwango kinapangwa na mtu mmoja, ambaye ofisi humleta kila mwaka na saa ya kupimia mbio. Anasimama nyuma yako, anabonyeza. Ukikimbia mbele yake, mbio hizo ndizo zinakuwa sheria: kazi inaongezeka, mshahara unabaki ule ule, na siku ya pili unazitafuta hizo mbio huzioni.

Kwa hiyo tuna dawa yake. Mwenye saa akitokea mlangoni, Shangazi Vifungo anaangusha mkasi. Mkasi ukilia sakafuni, ukumbi mzima unaingia mwendo wa kobe. Unaliinua shati kwa adabu. Unalitazama kama barua iliyotoka kwa wakwe. Unalilaza, unalifikiria, unakunja mkono wa kushoto, unapumzika. Kwa dawa hiyo kiwango kilikuwa hakijasogea miaka mitano. Unga umesogea, mkaa umesogea, nauli imesogea mpaka tumeamua kutembea, kodi ya chumba haijawahi hata kukaa chini. Mashati arobaini tu ndiyo yalikuwa yametulia.

Na mwaka huu mwenye saa alikuja, mkasi ukalia, tukatambaa. Aliondoka anapiga miayo. Hiyo ilikuwa Jumatatu ya wiki iliyopita, si Alhamisi.

"Kuna mtu amekimbia," akasema Shangazi Vifungo. Alisema polepole, kila neno kama anapitisha uzi kwenye sindano. "Mmoja wetu. Redio, wewe ndiye unayejua habari za kila mtu. Unajua lolote?"

"Mimi?" nikasema. "Sijui lolote."

Najua, najua. Nimesema umenyooka kama rula. Hata rula ikikaa juani inapinda.

Ilikuwa Alhamisi, saa ya chakula. Wenzangu wametoka uani na vyombo vyao. Mimi nilibaki ukumbini kwa sababu sikuwa na njaa. Hivyo ndivyo nilivyomwambia dada. Mambo yalivyokuwa hasa ni kwamba mwisho wa mwezi kwetu huanza tarehe kumi na sita. Asubuhi ile chakula kilitosha vyombo viwili, cha dada na cha binti yake anayesoma, nami nikasema nimeshiba tangu jana.

Juu ya ngazi alikuwa fundi wa feni. Ovaroli, bisibisi, penseli sikioni. Feni yetu ina miaka mitatu haijazunguka na hakuna aliyewahi kuuliza hali yake. Kumwona mtu ameletwa kuitengeneza, ningepaswa kushtuka. Sikushtuka.

"Kijana, huli?"

"Natunza umbo, fundi."

"Wanasema wewe ndiye mwenye mkono mwepesi humu."

"Hawajakudanganya."

"Mimi siamini mpaka nione." Akatoa mkate mzima kwenye mfuko, na soda ya baridi, akaviweka kwenye ngazi kama mtu anayepanga duka. "Kunja mpaka nimalize feni hii. Ukinishangaza, vyako."

Mwenye njaa hana miiko, walisema wahenga. Nao hawakuwa wameiona ile soda.

Nikakunja. Jamani, nilikunja. Mashati yalikuwa yananiona nakuja yanajikunja yenyewe. Kola, mkono, mkono, pindo, geuza, weka. Yule fundi akawa anaangalia mkono wake badala ya kuangalia feni. Nalo hilo niliona. Nikadhani ana safari.

Alishuka, akanipongeza, akanipa mkate na soda, akakunja ngazi yake. Feni haijazunguka mpaka leo.

Sasa turudi kwenye tangazo, maana mambo yalikuwa yanakwenda mbio kunishinda.

Shangazi Vifungo alikwenda ofisini akiwa amefunga kanga kiunoni. Alirudi baada ya dakika kumi.

"Tuna mlango mmoja," akasema. "Makubaliano yetu na ofisi yapo, yamepigwa mhuri: anayepimwa lazima aambiwe kwanza. Bosi anasema huyu aliambiwa. Nimemwambia hakuambiwa. Akasema basi mleteni, aje aseme kwa mdomo wake na aweke sahihi kwamba hakujua. Akisaini, sitini na mbili inafutwa. Mwisho leo saa kumi na moja. Ofisi ikifungwa, na kiwango kimefungwa."

"Na asipopatikana?" akauliza dada.

Shangazi akautazama mkono wa kulia wa dada. Sote tukautazama.

Dada yangu anakunja meza moja na mimi. Kifundo cha mkono ule kimevimba tangu mwaka jana. Siku njema anafikisha arobaini na moja. Siku mbaya namsukumia mashati yangu mawili matatu na hakuna anayeona. Sitini na mbili hafikishi hata akiota mkono wa tatu. Na kwenye chumba tunachokaa, dada, binti yake na mimi, kodi analipa yeye. Mimi nalipa maji na maneno.

Hesabu ilikuwa rahisi hata kwa mtu aliyepata sifuri. Nikisema ni mimi, dada anabaki kazini. Nisiposema, wiki mbili kuanzia Jumatatu yuko nje ya geti, ananyoosha shingo na wale mia.

Nikaamua kusema. Naapa niliamua. Nikavuta pumzi, nikafungua mdomo.

Filimbi ikalia.

"Mia moja na kumi na nne!" Alikuwa msimamizi wa ukumbi, mtu anayependa filimbi kuliko mkewe. Mia moja na kumi na nne ni mimi. Akanivuta nyuma ya marobota ya vitambaa.

"Jumatatu wewe ni kiongozi wa meza ya kukunja," akasema.

"Mimi?"

"Mshahara wa mwezi. Kiwango hakikuhusu tena, unawahesabia wengine. Na filimbi."

"Kwa sababu gani, mkuu?"

"Mkono wako umependwa."

"Na yule fundi wa feni?"

"Fundi gani?"

Tukatazamana.

"Ndiyo, mkuu," nikasema. "Fundi gani?"

Akanipiga begani na kuondoka.

Msinihukumu haraka, nina mpango. Mshahara wa mwezi, sikilizeni utamu wake: haujui shati wala saa, unaingia hata ukiugua. Nikiupata nalipa kodi mimi. Dada anakaa nyumbani, mkono unapona, ananishukuru. Kwa hiyo nikinyamaza naye anafukuzwa, nitakuwa nimemwokoa. Nilizunguka kwenye mpango huo kama mara tatu, kila upande nikaona ni mzuri. Ulikosa kitu kimoja tu: maoni ya dada.

Nikayatafuta kijanja, huku tunakunja.

"Dada, tuseme ukapumzika kidogo kazi hii."

"Nikapumzike wapi?"

"Nyumbani. Mkono upoe."

"Halafu nile huo mkono?"

"Si mimi nipo?"

Akacheka, lakini mikono haikusimama. "Wewe nikule wewe? Hata mbwa hashibi hapo." Akaweka shati, akachukua jingine. Kisha akasema bila kunitazama, "Anayekulisha anakuhesabia matonge, mdogo wangu. Leo hahesabu, kesho hahesabu, siku akiwa na hasira anakutajia jumla. Mkono mbovu huu, lakini nikila nakula kwa huo."

Nikalikunja shati langu ndani nje. Mjue kwamba hilo hutokea kama mara moja kwa mwaka.

"Una kitu cha kuniambia?" akauliza.

"Mimi? Hapana."

"Haya."

Saa kumi na robo filimbi ya mwisho ikalia, na badala ya kwenda nyumbani watu wote wakajikusanya kwenye marobota. Shangazi Vifungo akaketi juu ya robota moja. Mlango wa ofisi, upande wa pili wa ukumbi, ulikuwa bado wazi.

"Tumepiga hesabu," akasema. "Mkunjaji mwenye mkono wa namna hiyo, na asiyeijua vizuri dawa yetu, ni mgeni."

Vichwa vyote vikageuka kwa mtu mmoja.

Tunamwita Kimya. Ana wiki tatu tangu aje, kiwanda alichokuwa zamani kilifungwa. Anafika wa kwanza, anaondoka wa mwisho, na katikati hasemi. Mtu asiyesema ni rahisi sana kumsemea.

"Tukimwona ni yeye," akasema mtu wa pasi, "twende naye ofisini asaini. Akikataa, kuanzia kesho meza za juu zisimpitishie hata shati moja. Tuone atakunja nini."

"Nani amuulize?" akauliza Shangazi.

"Redio!" wakasema. "Redio ana shule."

Na ni kweli, ninayo. Nikapanda juu ya robota. Sijui mtu mwingine angefanyaje hapo, lakini mimi niliona kwamba kukataa kungeleta maswali.

"Wewe," nikamwambia, "wanakuita Kimya. Kwa nini?"

Akanyamaza.

"Jamani, mmesikia."

Wachache wakacheka. Kimya akaikunja kofia yake, pindo juu ya pindo, kazi safi. 

"Una mkono mwepesi?"

"Wa kawaida."

"Wa kawaida! Mwizi gani husema ana mkono mwepesi?" Nilikuwa nimeanza kupata moto, mnanijua nikipata moto. "Ofisi imekuahidi kitu?"

"Hapana, kaka."

"Huna la kuficha?"

"Nina watoto wawili, kaka. Sina mahali pa kuficha kitu."

Hapo ningeacha. Mtu mwenye akili angeacha. Lakini watu arobaini walikuwa wananitazama, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hakuna hata mmoja aliyekuwa ananishuku.

"Basi tujibu hili," nikasema, nikamnyooshea kidole. "Alhamisi, saa ya chakula, ulikuwa wapi?"

"Uani," akasema Kimya. "Nilikaa na shangazi. Nilimpa chumvi."

"Alinipa chumvi," akasema Shangazi Vifungo.

Kisha akainamisha kichwa upande, kama anavyofanya akikuta kifungo kimoja kimepungua kwenye kopo.

"Redio."

"Naam, shangazi."

"Nani kasema ilikuwa saa ya chakula?"

Kule nje gari la takataka lilikuwa linarudi nyuma, linalia. Nikalisikiliza mpaka likamaliza.

"Tangazo," nikasema.

"Tangazo limesema Alhamisi. Limekoma hapo. Umelisoma mwenyewe, mara ya kwanza vibaya na mara ya pili vizuri."

"Nimekisia, shangazi. Mambo ya wizi hufanywa watu wakiwa wanakula. Ni akili tu ya kawaida."

"Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Yako naona imeshagonga ukuta."

Minong'ono ikaanza. Mtu wa pasi akaacha kumtazama Kimya, akaanza kunitazama mimi, kuanzia viatu kwenda juu. Nikaona nisipofanya kitu nitaliwa na nguo zangu.

"Ngojeni!" nikasema. "Tuwe watu wa haki. Neno moja limenitoka, basi nimekuwa mhalifu? Shuleni tulifundishwa: bila shahidi, hakuna kesi. Nani aliniona? Kama yupo hapa, anyooshe mkono nimwone!"

Nikatazama kushoto. Hakuna. Nikatazama kulia. Hakuna. Nikaanza kutabasamu, maana Alhamisi ile, wasomaji wangu, ukumbini tulikuwa wawili tu, mimi na yule wa juu ya ngazi.

Mkono mmoja ukanyooka nyuma ya wote. Haukunyooka sana, kwa sababu ulikuwa unauma.

"Mimi," akasema dada.

Watu wakampisha. Akaja mpaka mbele, taratibu, na hakunitazama mimi, alimtazama Shangazi.

"Niliingia kwa mlango wa nyuma," akasema. "Nikamkuta anakunja. Sijawahi kumwona anakunja hivyo, na nimemlea. Yule mtu wa feni yuko juu ya ngazi, saa ya kubonyeza iko kiganjani. Nikataka kumwita. Halafu nikasema, ngoja amalize. Akamaliza. Akapewa mkate na soda."

"Aliambiwa kwamba anapimwa?" akauliza Shangazi haraka.

"Hakuambiwa. Aliambiwa akimshangaza fundi atapewa mkate."

"Akaula?"

"Akaula."

"Wote?"

"Wote."

Hilo liliwaumiza kuliko mashati. Nilisikia mtu akirudia nyuma, "Wote?"

"Na wewe umekaa nalo tangu Alhamisi?" Shangazi akamuuliza.

"Nilikuwa namngoja aseme mwenyewe. Alhamisi jioni nikangoja. Jumapili nikangoja. Leo nimemuuliza mezani. Nikasema hata akifika juu ya robota, labda atasema." Akamgeukia Kimya. "Nisamehe, ndugu yangu. Nilichelewa."

Kimya akaifungua kofia yake, akaivaa.

Shangazi Vifungo akatazama saa ya ukutani. Kumi na dakika hamsini na moja. Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Alinyanyua mkono tu, na watu arobaini wakagawanyika huku na huku, katikati ikabaki njia, kutoka kwenye miguu yangu mpaka mlango wa ofisi. Pale mlangoni alikuwa amesimama msimamizi. Sijui alikuwa hapo tangu saa ngapi. Alikuwa ameshika filimbi mpya, bado iko kwenye nailoni yake, ananitabasamia.

Nikashuka. Nikapita karibu na dada.

"Dada," nikanong'ona, "kwani ulirudi kufuata nini mle ndani?"

"Nilikuwa nimekuletea nusu ya chakula changu," akasema. "Tembea, ofisi inafungwa."